Glaida Haingurumi

Jumamosi, 8 Juni
— basi hata vikombe vya kibanda changu cha chai hapa uwanjani sijamaliza kuosha, namsikia Mwalimu wa marubani kwenye redio: umeumia? Nijibu, umeumia? Sauti si yake kabisa. Nikatoka na kitambaa begani. Juu kulikuwa na glaida moja tu, na ndani yake binti yangu, kitinda mimba wangu. Ndege yenyewe haina injini, inaelea hewani kama tai.

Kashuka salama! Bawa lina mchubuko, kama paka kapitisha kucha. Anasema droni ilimtokea upande wa jua, akalaza ndege upande, droni ikapita ikiparuza bawa. Nimemkumbatia hadi kaniambia, mama, mbavu zangu. Mchana kutwa namshukuru Mungu na kuunguza maandazi.

Jumapili, 9 Juni
Nimejua droni ya nani. Heri ningebaki na ujinga wangu. Ya mkwe! Mchumba wake huyu huyu, harusi mwezi wa nane. Alikuwa anapima shamba lililopakana na uwanja wetu. Kaja mwenyewe nyumbani, uso umemshuka, na Mwalimu nyuma yake.

Mwalimu kamuuliza, hukutazama juu? Kasema macho yake huwa kwenye skrini, juu anasikiliza tu. Akisikia injini, anashusha droni. Kafanya hivyo tangu aanze kazi. Jana hakusikia kitu.

Mwalimu kakuna kichwa. Sasa bwana mdogo, glaida ingurume na nini?

Kitinda kaingia chumbani, kafunga mlango. Nikampa mkwe maji. Sikujua nimwongeze au nimmwagie.

Jumanne, 11 Juni
Nyumba imenuna. Simu za mkwe hapokei. Dada yangu kapiga, anataka habari yote. Nimempa nusu, nusu kaongeza mwenyewe. Anasema uvunjwe huo uchumba, mume gani anataka kukuua kabla ya harusi. Nikamwambia, wako anakuua polepole mwaka wa ishirini huu, mbona hujavunja? Tumecheka hadi machozi.

Lakini kijana nampenda. Roho haijatulia.

Alhamisi, 13 Juni
Kasema! Tunamenya viazi, mara katamka tu. Mama, mimi sina kinyongo na droni. Miaka miwili namwita aje anione nikiruka, kila siku ana kazi. Angekuja mara moja tu, angejua ndege yangu haina sauti.

Nikaguna. Mimi najua kwa nini haji. Anaogopa kwenda juu, hata balbu ya kwao hubadilisha mama yake. Nikamwambia hivyo. Kamenya kiazi hadi kikabaki kama gololi. Halafu: basi apande na mimi. Akishuka ndiyo nitamjibu kama harusi ipo.

Cheti cha kubeba abiria anacho. Mkwe ndiye sijui kama ana moyo.

Jumamosi, 15 Juni
Kaja! Shati limepigwa pasi, midomo imekauka. Wakati anafungwa mikanda anamwambia Mwalimu kwamba sasa droni hairuki kabla hajapiga simu uwanjani, na kaajiri mtu wa kusimama naye, kazi yake kutazama angani tu. Mwalimu kasema vizuri, sasa pumua.

Winchi, ile mashine ya kuwapaisha, imevuta kamba, wameachia, wako juu. Mimi niko benchi la nje na birika langu, naandika nisitazame. Redio inasikika. Kitinda kabonyeza kitufe cha redio na hakiachii. Anajua mama yake kakaa wapi, mjanja huyo.

Mkwe: mbona kimya hivi?
Ndivyo ilivyo siku zote. Unaliona lile shamba lako?
Sioni. Nimefumba macho.

Mwanangu kacheka. Wiki nzima sijakisikia kile kicheko, nami nikacheka peke yangu kama kichaa. Kamwambia, fumbua taratibu, nipo. Kisha mkwe, kwa sauti ndogo: kumbe huku ndiko unakokujaga.

Wamegusa chini. Alhamdulillahi. Mwalimu ananiita, Mama Chai, ndoo, upesi, mkwe wako anatapika, na binti yako kamshika kiunoni, hataki mtu mwingine am—