Hamira za Barafu na Mikono ya Mama Yako

Ntobeye,
Ngara, Kagera.
16 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Agness,

Marahaba. Najua kabla hujafika mstari wa pili umeshanipa shikamoo yangu, kwa hiyo naipokea mapema. U mzima? Kifua bado kinakusumbua? Mdogo wako Novatus ameniambia huko Austria theluji imeshaanza, nami nikakuona mawazoni umevaa lile sweta lako la kijani ambalo hata kwa mvua za hapa halifai. Nunua koti, usinibishie.

Sisi huku ni wazima. Mguu wa baba yako umepona, ameanza tena kushinda shambani akigombana na ngedere. Mvua ni nyingi, maharage yanapendeza. Mama yako hajambo, ingawa habari zake ndizo zilizonikalisha chini kuandika, na nitazifikia.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa napiga kelele tu na nikikata nakumbuka sijasema nililotaka. Kesho Novatus anakuja kutoka Nyabusozi, ataipiga picha barua hii na kukutumia. Nimemwonya asiisome. Ataisoma.

Usimkasirikie mdogo wako. Ulimtumia sauti yako ukilia na kumwomba asimwambie mtu, naye akavumilia siku mbili, kisha akaniletea simu nisikilize. Nimekusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nililia nawe.

Ngoja niseme nilivyoelewa, unisahihishe nikikosea. Mwezi wa nane mlipanda mlimani na mwalimu wenu, mkachimba barafu ya zamani sana, na ndani yake mkakuta hamira zilizo hai. Uliponieleza mara ya kwanza nilicheka. Hapa kwetu wakisikia umepanda ndege kwenda kusomea hamira watasema si ungebaki tu hapa kwangu, shangazi yako mpika pombe. Ukaniambia hizo si kama zetu, zinakua palepale kwenye baridi ya kugandisha maji, polepole mno, na joto ambalo sisi tunaliona la kawaida linaziua. Ukasema kile zinachokitoa kinaweza kutiwa kwenye sabuni ikafua vizuri kwa maji baridi. Hilo nililipenda, maana maji ya mtoni alfajiri nayajua.

Basi ukaachiwa chupa zile kwenye jokofu uzitunze. Wiki ya kwanza hukuona kitu, ya pili vilevile. Mwalimu alikwambia usiwe na haraka, lakini wewe ukaona zimelala, ukazihamishia kwenye kabati la joto wanakoweka hamira za mkate, ukazifunika kwa kitenge chako. Ulisema ulitaka zianze tu. Zilipokufa zote, ukamwambia mwalimu kwamba jokofu lilizimika. Sasa anayeulizwa ni yule mzee anayetunza majokofu, barafu nyingine haipatikani mpaka mwakani, nawe unataka kuacha masomo urudi nyumbani.

Pole, mwanangu. Pole sana.

Kuzifunika nilikufundisha mimi. Nani alikusimamisha kando ya mtumbwi wa pombe, lile gogo lililochongwa tunamochachushia, ukiwa na miaka kumi, akakuonyesha namna ya kukoroga mtama kwenye maji ya ndizi, kufunika kwa majani ya mgomba, na juu yake gunia, akisema pombe ikipigwa na baridi haichemki? Mkono wako umefanya kazi ile ile niliyoufundisha. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Hata hizo hamira nimezihurumia, zimejikalia kwenye baridi yao miaka na miaka, kisha tukaja sisi na wema wetu tukazipasha joto mpaka zikafa.

Lakini la jokofu linaniuma, na sina mdomo wa kukusema, kwa sababu nami nimewahi kulifanya.

Hujawahi kujiuliza kwa nini pombe ulijifunza kwangu na si kwa mama yako? Miaka kumi na saba iliyopita walikuja wageni kutoka Biharamulo kumposa binti yangu. Ilikuwa mvua kama hizi. Mama yako ndiye aliyekoroga mtama, maana siku zile mkono wake ulisifiwa kuliko wangu, na nikuambie ukweli, sifa hizo zilikuwa zinanikera. Imebaki siku moja wageni wafike, pombe bado imetulia kama maji. Nikaingiwa na hofu ya aibu. Nikasogeza makaa mengi karibu na mtumbwi, sikumwambia mtu. Ikachacha ikawa siki. Wageni walionja, wakatazamana, wakaomba maji ya kunywa.

Mbele yao wote nikasema ni mkono wa wifi yangu. Unajua watu wetu wanavyoamini kwamba iko mikono inayoharibu pombe, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Mama yako akaenda kuwaletea maji. Tangu siku hiyo hakugusa mtumbwi tena. Nilidhani ana kinyongo, nikaona kinyongo hicho ni haki yake, nikajikalia kimya.

Jumatano, baada ya kukusikia, nilikwenda kwenu. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote, makaa na uongo, nikingoja anifukuze. Aligeuza viganja vyake juu, akavitazama, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, wifi, hata ile ya kumuaga Agness ningeweza kuikoroga?"

Hakuwa na kinyongo, mwanangu. Alikuwa ameamini. Kwenye kipaimara cha Novatus alibeba kuni na maji akakaa mbali na mtumbwi. Siku ya kukuaga wewe, mtoto wake, alifanya hivyo hivyo, na mimi nilikuwa pale nikikoroga na kusifiwa. Nililia mbele yake, naye akanifuta machozi, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko matusi.

Sasa yule mzee wa majokofu. Simjui jina wala lugha. Lakini nadhani leo amelifungua jokofu lile, akashika waya, akashika mlango, akijiuliza alisahau nini. Hakusahau kitu, na huko kote anayejua hivyo ni wewe peke yako. Nenda kwa mwalimu wako ukaseme, kisha uende kwa mzee mwenyewe, usimtume mtu. Wakikufukuza, njoo, chumba chako kipo na hakuna atakayekuhoji. Wakikusamehe, ngoja mwakani upande tena mlimani. Ila kama ni kurudi, urudi ukiwa umeshasema.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama huko kuna ngedere. Novatus anakusalimu pia, bila shaka sasa hivi anasoma jina lake hapa. Mama yako anakusalimu sana. Hajui habari za chupa wala za jokofu, hizo nimekuachia umwambie mwenyewe.

Mungu akupe ujasiri wa kufungua kinywa, akulinde na baridi hiyo, na akuongezee siku.

Nimesahau jambo. Jumamosi ijayo kuna ubatizo kwa jirani, nami nimemwomba mama yako akoroge mtama. Amekubali, ila ameomba watu wasiambiwe ni yeye mpaka wawe wameshaonja.

Wako akupendaye, na ukikosea pia,

Shangazi Eustakia