Uhakiki Niliomsomesha Mama

Bunda, Jumapili

Mama amesoma, na hajagomba. Afadhali.

Wiki nzima niliogopa kuutuma gazetini ule uhakiki wa riwaya ya mjakazi anayempenda bwana wake. Niliandika kwamba yale si mapenzi, msichana hakuwa na pa kukimbilia. Halafu nikamtaja bibi yake mama, aliyebadilishwa kwa debe la ulezi wakati wa njaa, akapewa mwanamume mwenye nafaka hiyo. Kwetu hilo halisemwagi.

Leo baada ya ibada nikampelekea karatasi kule Guta. Akaacha kuparua sato, akasoma polepole.

“Umekosea kimoja tu, mwanangu. Hapa umeandika ‘mume wake’. Bibi hakumwitaga hivyo. Mpaka anakufa alimwitaga Mwenye Ulezi.”

Nimeshalifuta. Kesho natuma.