Kilonzo Alikula Mwisho

Mwende wangu,

Huku tuko wazima. Mbuzi amezaa mapacha, na mamako amepona kile kikohozi. Lakini Kilonzo, yule meneja wa hoteli na bendi, ametuacha. Jumamosi alinipigia simu akicheka. Jumatatu nikaambiwa amefariki. Hata sasa nashika simu nimpigie, nimuulize kama ni kweli.

Utauliza mbona nimeumia hivi na hakuwa ndugu yetu. Nilikuwa msichana, mpishi wake pale hotelini Kiboko. Siku moja tulikuwa na harusi, bendi yake ikafika kutoka Ikutha, vumbi mpaka kwenye kope. Mwenyekiti wa harusi akataka muziki saa hiyo hiyo. Kilonzo akaniambia, "Wapakulie muthokoi kwanza, wale washibe."

Mwenyekiti akafoka, "Wageni ni sisi!"

"Hata hawa wametoka kwao," Kilonzo akamjibu.

Wakala, ndipo wakapiga, na mwenyekiti mwenyewe akacheza mpaka akavua viatu. Kilonzo akala mwisho, amesimama mlangoni pa jikoni. Ndivyo alivyokula miaka yote.

Jana tumemzika kwao Mutomo. Bendi ilipanga spika, halafu wakakaa chini bila kupiga. Watu wakasema, "Si mpige!" Wao wakanitazama mimi. Nikaelewa. Nikaingia jikoni, nikawapakulia mmoja mmoja. Wote walipopata, nikajaza sahani moja zaidi, nikageukia mlango nimpe Kilonzo.

Ni mimi susu, nyanya yako,
Kalekye