Sahani Nyekundu

14 Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko uliko? Mgongo vipi, bado unakusumbua kwa kuinamia hizo meza? Sisi wazima sasa. Nasema "sasa" kwa makusudi, maana mwanzoni mwa wiki hatukuwa wazima, na kwenye simu nilikuficha. Usinikasirikie. Mwanao alikuwa kanibandikia sikio ubavuni, na unamjua Chiriku: ukisema neno moja mbele yake, jioni mtaa mzima unalo.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kufungua shule. Wakati wa mapumziko rafiki yake alimgawia karanga za kukaanga, kiganja kimoja tu. Kabla kengele haijalia, midomo imevimba, macho yamefumba na pumzi inatoka kwa mluzi. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga maharage. Nikasikia watoto wanaita, "Mpishi! Mpishi! Chiriku anakufa!" Sijui nani aliyazuia maharage yasiungue. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, miaka minane na miguu yake mirefu ile, inanigonga magotini njia nzima.

Daktari alimchoma sindano akaniambia huo ni mzio, mwili wake haupatani na karanga, na mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Asile, asionje, hata upawa uliogusa karanga usiguse chakula chake. Sasa wewe fikiria. Mimi ni mpishi wa watoto mia nne. Nyama jikoni kwetu ni mgeni wa mwaka, kwa hiyo kila Alhamisi natia karanga kwenye mboga za majani ili wapate nguvu kidogo.

Mwalimu mkuu kaniita ofisini. Kasema shule haina dawa ya mambo hayo. Ina kisanduku cha bati chenye bandeji moja na vidonge vya kichwa, na hivyo vya kichwa anavimaliza yeye. Basi tumekubaliana hivi: Chiriku ana sahani nyekundu, nimemnunulia mimi. Nyingine zote ni nyeupe. Chake napika kwenye sufuria ndogo, anapakuliwa wa kwanza, na anakaa kwenye meza ndogo karibu na stoo, peke yake, asije akamegewa na wenzake. Anayepakua akiona nyekundu, anajua.

Usilie. Hivi ninavyoandika yuko mlangoni anabishana na paka wa jirani, na naona paka anaelekea kushindwa.

Dada yako akupendaye

29 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Mgongo upo, unauma, unanifanya nijue bado niko hai. Wewe na miguu yako? Na Chiriku?

Barua yako nimeisoma chooni, ndipo mahali pekee huku ninapokaa bila mtu kuniuliza nakaa kwa nini. Nililia, nikanawa uso, nikarudi bwalo la shule kufuta meza za watoto. Halafu nikainua macho ukutani. Dada, pembeni ya dirisha la kupakulia chakula kuna picha za watoto kumi na mmoja. Chini ya kila picha wameandika: huyu maziwa, huyu mayai, huyu samaki. Wanne ni karanga. Huu ni mwaka wa pili nafuta meza chini ya picha hizo, sikujua kama na wangu angefaa kuwa hapo.

Na watoto hao hawatengwi. Wanakaa na wenzao, sahani moja rangi moja. Sindano zao zimo kwenye mfuko wa rangi ya chungwa uliotundikwa msumarini, na sisi wote, hata mimi mfuta meza, tumefundishwa: shika kama unashika kisu, choma pajani juu ya nguo, shikilia, hesabu. Nitamtafutia Chiriku moja kwa gharama yoyote. Wanataka karatasi ya daktari, kwa hiyo nitumie ile ya zahanati.

Lakini hiyo meza ya stoo, Dada. Lazima?

Mdogo wako

12 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, miguu imevimba tu kama kawaida yake. Karatasi ya daktari nimeitia humu ndani.

Umeuliza kama meza ni lazima, na mimi sitakudanganya. Watoto wamemtania mpaka wamepitiliza. Siku hizi wanamwita Sahani. Akipita na chakula chake wanafunika vyakula vyao kwa mikono, "Usituambukize!" Nimewafukuza na mwiko, wanacheka. Chakula anakirudisha nusu. Juzi kaniuliza, "Mama mkubwa, huu ugonjwa wa kula peke yako, mtu anapona lini?" Nilimwambia akaoge.

Hata hivyo siiondoi. Huko kwenu kuna watoto wangapi, tisini? Hapa ni mia nne, na wapakuaji wawili. Sisi tunaopakua hatuoni nyuso, mdogo wangu. Umeinamia sufuria, mvuke machoni, foleni inasukumana, unachokiona ni sahani na mkono ulioishika. Hata ukinibandikia picha ya mwanangu mwenyewe ukutani, saa ile siioni. Rangi naiona. Hiyo sindano ikifika na tukajua kuitumia, tutazungumza upya.

Najua inakuuma. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Huyu nyoka niachie mimi niliye karibu naye.

Dada yako akupendaye

24 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Jana kwenye simu ulipokwenda kufungua mlango, mwanangu aliniambia kwa kunong'ona, "Mama, mimi siitwi Chiriku tena. Naitwa Sahani." Yule mtoto ambaye zamani nilikuwa namwomba anyamaze salio lisiishe, nilikaa na simu sikioni nasikia pumzi yake tu.

Nimekuja mpaka huku, nafuta makombo ya watoto wa watu, ili wangu akalishwe kando ya stoo kama mkoma? Unaniambia habari za mvuke na foleni. Waliosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi hawakukosea. Wewe hujazaa, kwa hiyo sikulaumu kwa usichokijua. Lakini mtoto ni wangu, na mimi ndiye nasema: ondoa hiyo sahani. Akae na wenzake.

Mdogo wako

7 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Sisi wazima.

Nimefanya ulivyotaka. Mwalimu mkuu kasema shauri yangu, alimradi nimpakulie mwenyewe. Tangu Jumatatu anakula meza ya wenzake, sahani nyeupe. Sufuria yake ndogo ipo palepale. Kwenye foleni namjua kwa lile kovu la kidole gumba, alipojikata na kifuniko cha kopo. Upawa ukiwa mkononi mwangu, hatadhurika.

Siku ya kwanza alizungumza kutoka shuleni mpaka nyumbani bila kuvuta pumzi. Nani kampa nafasi, nani kamwomba radhi, nani kapiga chafya kwenye maharage. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Hilo nakupa, ulikuwa na haki nalo.

Nimemlea tangu ana meno mawili. Lakini ni kweli, sijazaa.

Dada

19 Machi

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo. Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni.

Barua yako ina mistari michache na yote imenichoma. Nimeshika simu mara tatu nikupigie, mara tatu nimeiweka. Nikiisikia sauti yako ukiniambia "hujambo mdogo wangu", nitaanguka. Maneno niliyokuandikia nimeona haya kuyaombea radhi kwa mdomo, kwa hiyo nayaombea kwa mkono uleule ulioyaandika. Ulimi hauna mfupa, na kalamu yangu nayo siku ile haikuwa nao. Aliyekesha naye alipoota meno ni nani? Aliyembeba mpaka zahanati ni nani? Yule mtoto ana mama wawili, Dada, na wa kwanza ni wewe. Mimi nilimzaa tu.

Na kuna jambo jingine. Wiki iliyopita mpishi wetu aliugua, akaletwa mgeni. Picha zote kumi na moja ziko ukutani, macho yanamtazama, na bado alimpa mtoto wa maziwa uji wa maziwa. Mwalimu aliuwahi mfuko wa chungwa. Nilisimama na kitambaa changu mkononi nikakumbuka ulivyosema, kwamba anayepakua haoni nyuso. Ulikuwa unaijua kazi yako, na mimi nikakufundisha kazi yako.

Tafadhali irudishe sahani nyekundu. Akae na wenzake, hapo usimwondoe, ila sahani iwe nyekundu. Akilia, mwambie mama yake ndiye kasema, animalizie hasira mimi.

Sindano nimepata. Kifurushi nakituma leo pamoja na barua hii, dirisha moja la posta. Hawampi mtu mwingine ila mwenye jina, kwa hiyo nenda mwenyewe na kitambulisho.

Mdogo wako, anayekuomba radhi

16 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimie vipi. Nakupigia, unapokea, husemi kitu, unakata. Basi naandika. Kwenye simu ulisikia tu kwamba alikula mboga na kwamba tumemzika. Yaliyobaki ni haki yako uyasikie kwangu, si kwa majirani.

Jumatano nilipata karatasi ya posta. Alhamisi nikawahi kupika ili niende na kurudi. Karanga nilizitwanga mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Sufuria yake ndogo niliiweka kwenye rafu nikaifunika, nikamwambia msaidizi wangu, "Chiriku utampa ya hapa." Akasema, "Ndiyo, Mama." Ni mtu mwema, usimchukie. Miezi miwili alikuwa kamzoea kwa rangi. Foleni ilipokuja, zote zilikuwa nyeupe.

Rafiki yake ananiambia Chiriku aliitazama ile mboga kwanza. Akauliza, "Kapika mama mkubwa?" Wakamwambia ndiyo, asubuhi na mapema. Akasema, "Basi ina maana kanipikia na mimi." Akala.

Kule posta walinipa kifurushi na barua pamoja. Kifurushi nilikitia mkobani. Barua sikuweza kungoja, niliifungua palepale kwenye benchi, mbele yangu saa ya ukutani, saa sita na nusu. Nilipofika ulipoandika kwamba ana mama wawili, nililia nikacheka kama mwehu, mpaka mtu mmoja wa kwenye foleni akaniuliza kama ni habari njema. Nikamwambia ndiyo. Nikaisoma mpaka mwisho, habari ya sahani nimeisoma, nikasema moyoni, kesho asubuhi naitoa kabatini. Halafu nikairudia tangu mwanzo. Si kwamba sikuelewa. Nilitaka tu kuyasikia tena yale maneno.

Nilitembea kurudi. Sikukimbia, sikuwa na sababu.

Getini pa shule nikakutana na mlinzi kambeba Chiriku. Nikamlaza palepale kwenye changarawe, nikashika kama kisu, nikachoma juu ya sare, nikashikilia, nikahesabu. Mdogo wangu, nilihesabu mpaka mia. Daktari wa zahanati nilimbana aniambie ukweli. Kasema labda angepona, kama sindano ingefika dakika kumi mapema. Barua yako ni kurasa mbili na mimi si msomaji mwepesi. Hizo dakika kumi nazijua zilikokwenda.

Sufuria yake ndogo niliikuta kwenye rafu, imefunikwa, haijaguswa.

Mwalimu mkuu kabandika tangazo kwamba mtoto mwenye mzio aje na chakula chake kutoka nyumbani. Ndilo walilofanya. Mimi jikoni sijarudi, na sidhani.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu useme neno, hata la kunitukana.

Aliyekuwa dada yako

2 Julai

Dada yangu,

Shikamoo.

Mimi si mzima na wewe si mzima, kwa hiyo tusiulizane.

Nimekaa na barua yako miezi hii yote kwenye mfuko wa aproni. Umeisoma yangu mara mbili, hilo limekukaa rohoni. Sasa na wewe sikia langu. Nilishika simu mara tatu nikaiweka. Kama ningepiga, sahani ingerudi siku ileile, siku kumi na moja kabla ya Alhamisi ile. Nilijua simu inafika papo hapo na barua inachelewa. Niliona haya, nikaandika. Na aliyesema iondolewe ni mimi. Usiubebe peke yako mzigo ambao nusu yake ni wangu, na nusu kubwa.

Ile methali ya uchungu wa mwana niliyokutupia, umeona mwenyewe ilikuwa ya nani. Wewe ndiye uliyemlaza kwenye changarawe.

Nimebandika picha yake ukutani, mwisho wa mstari, chini nimeandika karanga. Msimamizi aliuliza huyu ni wa darasa gani. Nikamwambia hasomi hapa. Akainyoosha kona iliyokuwa imekunjika, akaenda zake.

Mkataba wangu unaisha Septemba, nakuja nyumbani. Usihame na usinikimbie. Tena usiandike "aliyekuwa" chini ya barua. Ile sahani nakujua hujaitupa, umeifungia kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Itoe. Siku nikifika unipakulie humo humo, na usiniache nile peke yangu.

Mdogo wako