Kaa Juu ya Mbuzi

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Marahaba, shikamoo yako imefika Msambweni. Sisi hatujambo; mamako ana mafua, ila mdomo uko pale pale.

Waniuliza kwa nini nilimkatalia mhariri alipotaka kufuta "mbuzi" kwenye kitabu changu cha mapishi aandike "blenda".

Nilipokuwa msichana nilipika katika hoteli ya watalii huko Diani. Mpishi mkuu, mtu wa bara, alitaka samaki wa kupaka kwa tui la kopo. Nikamwambia, "Mimi napika na mbuzi yangu." Akadhani nimeingiza mnyama jikoni! Alipokiona kigoda changu cha kukunia nazi, alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akasema, "Itoe nje."

Nikaitoa, nami nikatoka nayo. Mkahawa wetu huu ulipoanza haukuwa na kiti kingine. Nilikaa juu ya mbuzi hiyo hiyo nikikuna nazi, wateja wakila wamesimama.

Basi ukurasa wa kwanza unasema, "Kaa juu ya mbuzi." Asiyeijua na acheke. Akimaliza kucheka aje hapa, nitamkalisha mwenyewe.

Bibi yako