Kompyuta Ilinyamaza, Haikuzimika

Ofisi ya Madai,
Ghorofa ya Tatu.
Jumanne, tarehe 9.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, limekuachia upande ngazi? Mimi mzima, ila jicho la kushoto bado halijafunguka vizuri, kwa hiyo ukiona mistari imepinda usinicheke.

Umeiona anwani hapo juu. Nijibu hapahapa, kwa karatasi. Simu yangu anayo mume wangu.

Unakumbuka sisi makarani wa bima tulipoambiwa tufanyie kazi nyumbani? Ulinipongeza, ukasema wenzangu wanafukuzwa huko maofisini, mimi ajira imenifuata hadi sebuleni. Ni kweli, ajira ilipona. Ila nilikuficha jambo, shangazi: ofisini ndipo pekee nilipokuwa sipigwi. Kazi ilipohamia nyumbani nikawa wa kupigwa mchana kutwa. Chai imepoa, kofi. Nimecheka na mteja, ngumi.

Sasa sikia. Kila asubuhi msimamizi wetu huita mahudhurio kwenye kompyuta, sote tunaonana sura, kila mtu anaitika "Nipo." Jumatano iliyopita niliitika nikitabasamu. Bwana mkubwa, mume wangu, akauliza namchekea nani. Akabonyeza kitufe cha sauti, kompyuta ikanyamaza, naye akadhani ameizima. Hata kioo hakukitazama. Lo! Kumbe sisi ndio tuliokuwa hatuwasikii. Wao walituona na kutusikia.

Alinikamata nywele akanigongesha uso mezani, mara mbili. Damu ikatapakaa. Kisha akanikaba koo, nikaona nakufa hivi hivi, mbele ya watu kumi na wanne. Hasira zilinipanda! Niliinyakua ile kompyuta nikamshushia nayo kichwani kwa nguvu zangu zote. Ikapasuka. Akaanguka, akainuka na kisu cha jikoni.

Nilijifungia chooni. Alikuwa anauchoma mlango kwa kisu, akinitukana mimi na ukoo mzima, wewe ukiwemo, mpaka walipofika msimamizi na mlinzi wa ofisi, yule tunayemwita Komeo. Bahati yangu nyumba si mbali. Komeo alimvunja mkono. Niliusikia ukilia kule nje, na nilifurahi, sikufichi.

Sasa nalala kwa msimamizi. Meneja alikuwa aifunge ofisi mwisho wa mwezi, sote tubaki majumbani, eti ndivyo ajira zetu zitakavyosalimika. Wenzangu, ambao nyumbani kwao ni raha tupu, wamegoma: chumba kimoja kibaki. Meneja amekubali. Nina meza, nina kiti, na chini kuna Komeo.

Mume wangu ameapa atakuja kwako utusuluhishe. Siku ya harusi uliniambia nivumilie, na nimevumilia miaka sita. Safari hii usiniite, tafadhali. Akibisha hodi na mkono wake wa plasta, mwambie hapo hana mke.

Msalimie bibi, na yule kaka yangu mpenda ugomvi mwambie atulie, kazi imeshafanywa. Mungu akulinde na akuponye hilo goti.

Leo asubuhi mahudhurio yalipoitwa, wenzangu wote walikuwa kwenye kioo, mimi peke yangu ofisini. Niliitika kwa sauti, Komeo akanisikia hadi getini.

Ni mimi nikupendaye, binti wa kaka yako.
Nipo.