Kahawa ya Fundi Suhail

Tanga

Mdogo wangu Suhail,

Assalaam alaykum. Mchele wa Vitongoji umefika. Shemeji yako kaupika jana, nami kwa harufu yake nikaomba sahani ya pili.

Sasa la karakana yako. Kwa simu unacheka tu, ndiyo maana naandika. Mjukuu wetu Khairat anataka uhandisi, na alikuja kwako Chake Chake awe mwanagenzi wa pampu za maji. Anasema kila unapofungua pampu unamtuma: "Bibi mhandisi, hebu kaniletee kahawa!" Akirudi, pampu imeshafungwa. Mwaka unakwisha, naye anajua kufagia tu. Unaogopa atakunyang'anya wateja? Hivyo hivyo ndivyo fundi aliyetuchukua ujanani alivyotuficha kazi. Wewe ulivumilia, mimi nikaondoka, na hadi leo niko Tanga.

Juzi Khairat kaniuliza kama huku Tanga kuna karakana zinazofundisha. Nimemwambia asubiri kidogo, na sikupenda sauti yangu nilipokuwa nikisema hivyo.

Mkalishe mbele ya pampu iliyo wazi, Suhail. Siku ya kupanda boti atakuaga kwamba anarudi mwakani, kama nilivyokuaga mimi.

Kaka yako,
Nassor